Hiari ya Mwenye Shida

Mwezi uliopita wanachama wa kikundi cha mikopo walibeba cherehani ya jirani yangu. Alikosa marejesho mawili, na wenzake waliomdhamini wangelazimika kumlipia. Afisa mikopo hakugusa kitu, alikaa akijaza daftari. Shirika lake si la faida, na linajitangaza kuwa linakuza wajasiriamali wadogo.

Msaada ni nini, sote tunajua. Ninachouliza ni kama unabaki msaada pale unapodaiwa kwa mikono ya majirani. Kwamba mikopo midogo ni ghali kuisimamia, ni kweli. Kwamba wapo walioinuka kwayo, ni kweli pia.

Linalonichoma ni jibu nililopewa na shirika nilipolalamika: “Alisaini kwa hiari.” Hiari ipi? Benki ilitaka hati ya nyumba, naye amepanga chumba. Nje ya kikundi kulikuwa na wakopeshaji wa kausha damu tu. Saini yake inathibitisha kwamba alikuwa na shida, haithibitishi kwamba masharti yalikuwa ya haki. Na tukubali hata kwamba alijua kila kitu. Mfanyabiashara anaweza kujitetea kwa saini, kwa sababu hakuahidi zaidi ya mkataba. Shirika lililochangisha fedha kwa jina la maskini liliahidi zaidi. Haliwezi kupokea sadaka kama mfadhili, kisha likadai kama mchuuzi na kujibu kama wakili.

Kati ya msaada na biashara, mikopo midogo imepita njia zote mbili. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwanauchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 dola 27 kutoka mfukoni mwake, bila dhamana. Huko Mexico, taasisi ya mikopo midogo ya Compartamos ilianza mwaka 1990 kama shirika lisilo la faida. Mwaka 2007 hisa zake ziliuzwa sokoni na wawekezaji wakavuna mamilioni, huku wakopaji wake, wengi wao wanawake maskini, wakitozwa riba ya zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. Mama zetu nao wamecheza upatu miaka yote bila riba na bila afisa. Aliyefiwa husogezewa zamu, kwa kuwa wanaochanga ndio haohao waliokaa naye matangani. Najua upatu hautoshi kununua mashine ya kukoboa.

Dhamana ya kikundi ikifutwa, huenda mshonaji asiye na hati asikopeshwe na yeyote. Hapo hoja yangu inakwama, na sitajifanya imevuka.

Lakini ninyi mnaoyafadhili mashirika haya, mkionyeshwa kwamba karibu mikopo yote imerejeshwa, ulizeni ni vyombo vingapi vya kazi vilivyobebwa ili irejeshwe.