Sufuria Mbili



Noeli iliyopita tulichanga pesa tukanunua nguruwe. Mama mmoja, asiyekula nguruwe tangu akiwa kwao Kivu, alikula ugali na chumvi. Baadhi yetu tulimcheka: mkimbizi naye anachagua chakula? Tulikosea, na mama huyo tumemwomba radhi.

Danieli alitolewa Yerusalemu kwa nguvu akapelekwa Babeli. Chakula chake alipangiwa na mfalme, kama posho yetu inavyopangwa na wengine. Hata hivyo aliomba, tena kwa adabu, apewe mboga na maji kwa siku 10. Paulo naye, katika Warumi 14, anamkataza mwenye kula kumdharau asiyekula, na asiyekula kumhukumu mwenzake. Basi jirani akiuza unga kidogo ili watoto waonje nyama, tusimnong'one bombani. (Akiuza anywe pombe, hilo ni neno lingine.)

Pasaka tutapika sufuria mbili, ya nyama na ya maharage. Anayepakua asimwulize mtu sababu. Na akina mama wa jikoni, tafadhali, miiko nayo iwe miwili.