Ufa Uzibwe kwa Kitu Gani?

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mtoto wa shule aijua, na wazee huitumia barazani siku zote. Lakini methali hii haituambii ufa uzibwe kwa kitu gani. Wengi wetu twadhani ya kuwa hapo hapana swali: tafuta kitu kigumu kupita vyote, jaza ufa, na kazi imekwisha. Sivyo. Wasomaji wa Injili wanakumbuka mfano wa kiraka kipya katika vazi kuukuu. Na mafundi wa nyumba za kale wameuona mfano huo kwa macho yao, katika mawe na chokaa. Nataka kuonyesha ya kuwa neno hili si la ufundi tu, bali ni la haki pia.

Tuanze kwetu vijijini. Mtu ana nyumba ya udongo aliyojengewa na baba yake. Akipata fedha, hununua saruji akaipiga lipu ukuta mzima, na mwaka wa kwanza majirani humsifu. Masika yakipita mara mbili tatu, lipu huanza kuachana na ukuta, na ikianguka huanguka na udongo wa baba. Sababu yake ni hii: ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa tena, hutanuka kidogo na kunywea. Saruji haiwezi kuufuata. Hupata nyufa ndogo, maji huingia, na yakiisha kuingia hayana njia ya kutokea. Basi ukuta huoza ndani, na nje wameremeta.

Mambo hayo hayo yameonekana kwa ukubwa zaidi katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 2000 umeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakaunganishwa kwa udongo na chokaa. Dari zake zilichukuliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazivuki mbali, vyumba ni vyembamba, yapata meta tatu au pungufu. Jiwe la tumbawe lina matundu mengi. Hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, na chokaa iliyo juu yake huuachia unyevu huo utoke kwa upepo na jua. Fundi akija na saruji akaufunika ukuta, unyevu hubaki ndani. Chumvi hula jiwe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza, hata siku moja dari hushuka.

Kwa hiyo wasanifu wa majengo na waashi wanaozitunza nyumba kama hizi wamejiwekea kanuni moja: kitu cha kutengenezea kiwe laini kuliko kinachotengenezwa. Pakiwa na kuchakaa, ichakae chokaa, jiwe lisalie. Maana chokaa twaweza kuichoma tena na kuipaka tena, lakini jiwe lililochongwa na mtu aliyekufa zamani halichongwi tena na mkono ule. Basi chokaa hujitoa kwa ajili ya jiwe. Si kwamba ni dhaifu kwa upungufu. Ulaini wake ndio kazi yake.

Liko na neno la pili, nalo ni kweli. Katika karne ya 19 huko Uingereza mafundi walikuwa wakikwangua kuta za makanisa ya kale na kuyafanya yaonekane jinsi walivyodhani ya kuwa yalikuwa mwanzo. Mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaanzisha chama cha kupinga desturi hiyo, wakifundisha ya kuwa matunzo ya kila siku ni bora kuliko kulipamba jengo kwa uzee wa bandia. Baadaye, mwaka 1964, wataalamu wa nchi nyingi walikutana Venice, Italia, wakaandika mapatano: kilichoongezwa kipatane na cha zamani, lakini kitambulikane ya kuwa ni kipya. Kwa nini? Kwa sababu anayeweka jiwe lake na kulifanya lionekane la babu amesema uongo, hata kama hakufungua kinywa.

Huenda msomaji akauliza, Je, nyumba ya kale isiguswe kabisa? La, sisemi hivyo. Nyumba isiyokaliwa hufa upesi kuliko ile inayokaliwa. Paa nyingi za Unguja zilikuwa bapa, zikivuja. Watu wakaweka mabati juu yake, na kuta zikapona. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilianzwa na Wareno mwaka 1593. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza, kisha ikafanywa nyumba ya makumbusho. Na ile Zahanati ya Kale ya Unguja, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa mali ya Tharia Topan, ilikuwa imeachwa ikiharibika. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan likaitengeneza na kuipa kazi mpya. Kila moja ilipewa kazi iliyoweza kuichukua. Ulizeni kwanza, nyumba hii yaweza kubeba nini? Ndipo mwulize, mimi nataka nini?

Tena yako mambo mazito kuliko uzuri. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilionekana limechoka kwa miaka mingi, na sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka, na watu wawili wakafa. Kuta za kale si picha za kutazamwa tu. Chini yake wamo watu.

Wako wasemao, Maskini hawana nyumba, nanyi mwahangaikia mawe ya masultani? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa dharau. Najibu hivi. Nyumba iliyokwisha simama ni kazi iliyokwisha lipwa: mawe yamebebwa, miti imekatwa. Ukiibomoa, watupa jasho lile na kuanza kuchoma upya. Utengenezaji wa saruji peke yake hutoa yapata sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa itolewayo na wanadamu, hewa ile inayozidisha joto la dunia. Chokaa nayo huchomwa, na tanuu yake hula miti. Kwa hiyo hata yenyewe itumike kwa kiasi. Kutumia kilichopo si ubahili, bali ni kuwaachia kitu watakaozaliwa.

Walakini maskini wana neno la kweli katika swali lao. Katika Mji Mkongwe majumba mengi yamegeuzwa kuwa hoteli za wageni. Ukuta umepona, chokaa ni nyeupe, lakini mama aliyeuza mikate mlangoni hayupo, na watoto waliocheza kichochoroni wamehamia mbali. Huko nako ni kuziba ufa kwa kitu kigumu mno. Fedha nyingi zikiingia kwa ghafula katika mtaa dhaifu hufanya kama saruji juu ya tumbawe: nje kwameremeta, ndani mtaa waoza. Mwenye kutengeneza mji na ahesabu watu pamoja na mawe.

Basi, ndugu zangu, mtu akitaka kutengeneza nyumba ya wazee wake, au shule ya kijiji, au desturi iliyopata ufa, na asiharakishe. Auguse ukuta kwanza, ajue ulijengwa kwa nini na unapumua wapi. Kisha aweke kidogo, kilicho laini, bila kujificha, akijua ya kuwa huenda kazi yake ikaondolewa na mwingine baada yake. Mtengenezaji akisahauliwa, na nyumba ikasimama na watu wake ndani, kazi yake imetimia.