Nani Alipanga Kasi ya Kwanza?

Mashine mbili zisizojuana haziwezi kuafikiana namna ya kusemezana, kwa kuwa kuafikiana kwenyewe ni kusemezana. Nimefunga terminali nyingi hapa Mombasa, hasa VT220 za kampuni ya Digital, zilizotoka 1983, na sijaacha kulitafakari jambo hilo kila nibonyezapo F3 kufungua ukurasa wa mipangilio. Pale ni mkono wa mtu unaochagua: kasi 9600, biti 8, bila pariti. Upande wa kompyuta kuu vilevile, mtu kapanga. Ukiiacha terminali kwenye 4800, skrini inajaa alama zisizosomeka, na kompyuta haina ujumbe wa kutuma ukaeleza kosa, maana maelezo nayo yangefika yamevurugika. Hata waya: pande zote zikituma kwa pini ya 2 na kupokea kwa ya 3, hazisikilizani mpaka fundi azipishanishe.

Yakishawekwa hayo, zinajimudu. Kompyuta inauliza terminali ni ya aina gani. Terminali inajibu kwa orodha ya namba, na namba 2 ikiwamo, basi ina mlango wa printa. Printa nayo ikielemewa hutuma XOFF, terminali ikangoja hadi iletewe XON.

Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alinipinga. “Lakini mwalimu, kuna kompyuta haipangiwi kasi. Unabonyeza Return mara mbili tatu, inaitambua yenyewe.” Hoja yake ilikuwa nzito, nikakaa nayo. Kweli, kompyuta hiyo hupima upana wa biti na kukisia kasi. Ila inaweza kupima kwa sababu aliyeitengeneza aliiambia mapema kwamba kitakachokuja kwanza ni Return. Bila neno hilo lililotangulia, ingepima nini?

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili hili wakiuliza asili ya lugha. Abu Hashim al-Jubbai, wa kundi la Mu'tazila, alisema watu waliafikiana wenyewe. Al-Ash'ari alishika kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyefundisha, kwa ushahidi wa Sura ya al-Baqara, Adam alipofundishwa majina yote. Abu Is'haq al-Isfarayini, aliyefariki 1027, akapita katikati: kiasi kinachohitajika ili watu waweze kuafikiana ndicho lazima kitoke kwa Mungu, na yaliyobaki yanaweza kuwa mapatano ya wanadamu. Mimi niko na Isfarayini, na kazi yangu ndiyo iliyonifikisha kwake.

Mwanazuoni mwingine, Ghazali, aliona suala hili halifungamani na ibada wala halina dharura ya kuliitakidi. Kwa heshima zote, hapo namwacha. Anayeamini kwamba maana yote ni mapatano tu, hana cha kushika mapatano yakivunjika. Nimesuluhisha ndugu wanaogombea shamba la urithi, kila mmoja akilikataa neno la mwenzake, hata neno “haki” wakilivuta huku na huku. Bado kila mmoja alijua kwamba mwenzake anadai kitu anachostahili kujibiwa. Hilo hawakulipatania, wala mimi sikuwafundisha. Walikuja nalo, na ndilo lililonipa pa kuanzia.