Brashi Nayo Husema Uongo

Je, mtu anaweza kudanganya bila kufungua mdomo? Mimi nilidanganya kwa brashi.

Nilichonga basi dogo la mbao pale Korogwe, mfano wa yale yaendayo Moshi. Ubavuni lilikuwa na ufa. Badala ya kuuziba kwa puti, nikaumwagia rangi ya mafuta, nzito, mkono mmoja tu. Likang'aa, bwana! Mama jirani akalinunua, akampelekea mwanawe aliyekuwa kwa bibi yake, Handeni.

Miezi ikapita, nikafika huko. Rangi imejikunja, ufa u wazi. "Shikamoo kaka," mtoto akasema, kalificha mgongoni. "Nimeliharibu."

Kumbe kosa langu lilikuwa limepata mwenyewe mwingine.

Rafiki yangu hubisha: hukuulizwa, basi hukudanganya. Nami humjibu: rangi ile ilijibu kabla ya swali.

Nikamweleza mtoto ukweli, tukaanza upya. Msasa, puti, msasa tena. Rangi nikaizimua kwa tapentaini, nikapaka nyembamba, brashi ikienda upande mmoja, bila kurudia palipoanza kushika, maana hapo ndipo michirizi huzaliwa. Kila mkono tuliuacha ukauke kabisa, ndani ya sanduku, vumbi lisiufikie; kisha msasa laini wenye maji, ndipo mkono mwingine.

Tulipomaliza, mtoto hakusema kitu. Alipitisha kidole ubavuni, polepole, akiutafuta ufa.