Jumanne: Kiti cha Mwingine

Soma 2 Nyakati 26:16–23, 27:1, 2.

Mfalme Uzia aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi waliyopewa makuhani peke yao. Akapigwa ukoma, akatengwa hadi kufa. Mwanawe Yothamu akasimamia nyumba ya mfalme na kuwahukumu watu, lakini mfalme alikuwa bado Uzia. Baba alipokufa, ndipo Yothamu akatawala. Naye hakurudia kosa la baba yake hekaluni.

Mwaka 1897 huko Buganda, Kabaka Mwanga aliondolewa, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akawekwa mahali pake. Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri walitawala kwa niaba yake. Mwaka 1914, alipofikia utu uzima, Chwa alishika madaraka yake.

Hapa Kamachumu wengi hutunza kibanja cha yatima. Baba mdogo hupalilia migomba, huvuna kahawa, humsomesha mtoto. Miaka ikipita, ulimi huzoea kusema, “Kibanja changu.” Kijana akirudi, hukuta mlango umefungwa. Uaminifu wa mlezi hupimwa siku ya kukabidhi, wala si siku ya kupokea. Uzia alitwaa asichopewa. Yothamu alitumika na kungoja.

Kwa mjadala: Unashika dhamana gani ya mwingine: kibanja, fedha za kanisa, au uzee wa kanisa? Ukitakiwa kukabidhi Sabato hii, hesabu zako ziko tayari?