Kompyuta mbovu si sadaka

Kijana anayekusanya vyuma chakavu mtaani kwetu nilimpa bure kompyuta yangu iliyokufa. “Allah akulipe, mzee,” aliniambia. Nami nikajihesabia thawabu.

Siku chache baadaye nilimkuta anachoma nyaya zake ili apate shaba, moshi mweusi ukimpiga usoni. Nikajiuliza: hivi nilimpa sadaka, au nilimpa maradhi?

Ndugu wasomaji, ndani ya vifaa hivi mna risasi na sumu nyingine. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Tunawalaumu matajiri, na ni haki. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kuingiza taka za sumu Afrika, lakini vifaa visivyowaka viliendelea kushushwa Ghana na Nigeria kwa jina la mitumba. Je, mimi nina tofauti gani nao? Wao waliita mitumba, mimi nikaita sadaka.

Surat al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya. Mali ni amana, na amana haimaliziki kifaa kinapozimika. Tuwabane wauzaji na halmashauri watuwekee pa kuvipeleka. Hadi hapo, kibovu changu kitakaa ndani kwangu. Sitampa masikini sumu kisha nikasubiri malipo kwa Mola.