Hadisi ya kutisha inapotafuta mtu wa kulaumu

Kwetu Bengamisa jioni ni saa ya hadisi. Moto umewaka, watoto wamesogea karibu, na mzee anashusha sauti anapofika kwa mtu wa majini ao kwa ile njia ya msitu isiyopitwa saa sita mchana. Siku hizi hadisi zingine zinatufikia kwa barabara ya Buta, kilometa 50 hivi toka Kisangani, ndani ya telefone za vijana. Mtoto anarudi toka likizo na kusema: « Kuko mchezo moja ya video, ukimaliza tu, unakufa. » Tukimuuliza nani aliona, anajibu: « Batu banasema. »

Basi swali letu ni hili: ni haki kuchunguza hadisi ya namna ile? Wengine wanasema kuchunguza ni kuwakosea wazee heshima, maana lisemwalo lipo. Wengine, hasa waliosoma sana, wanacheka tu na kupita. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanakimbia kazi.

Tuanze na wale wanaosema lisemwalo lipo. Mwaka 1996 ulitoka Japani mchezo wa Pokémon. Ndani yake muko muji mdogo wa makaburi, wenye muziki wa huzuni. Miaka mingi kiisha, hadisi ikaenea kwenye intaneti kwamba muziki ule uliwafanya watoto wengi wajiue. Waliochunguza hawakupata hata kifo kimoja. Ni hadisi iliyotungwa. Lakini wakakuta jambo lingine, na hili ni la kweli: tarehe 16 Desemba 1997, filamu ya katuni ya Pokémon ilionyeshwa kwenye televizio ya Japani, na mwanga mwekundu na wa buluu ukawaka na kuzimika mbiombio. Watoto karibu 700 walipelekwa hospitali, wengine wakitetemeka kama mtu wa kifafa. Hakuna aliyekufa. Kiisha televizio za Japani zikaweka sheria juu ya mwanga wa namna ile. Basi moto ulikuwako kweli, lakini si pale moshi ulipoonyeshwa. Kama watu wangebaki kuogopa muziki, nani angerekebisha mwanga?

Jambo hili si la Japani peke yake. Hapa kwetu, mtoto akianguka kifafa, watu wanaanza kutafuta ndoki: ni bibi, ni mama mdogo, ao ni mtoto mwenyewe. Waganga wa utafiti waliopita katika teritware ya Banalia waliona kwamba kifafa ni kingi zaidi pale penye ugonjwa wa onkoserkoze, ule unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mtoni na unaopofusha macho. Dawa ya kuzuia ugonjwa ule inagawanywa vijijini bila malipo. Jamaa inayomfukuza bibi haina nafasi ya kufikiri juu ya inzi wala juu ya dawa. Bibi anapotea, na kifafa kinabaki nyumbani.

Sasa tuwaendee wale wanaocheka. Hawa tunawakumbusha Anioto, watu-chui, walioogopwa sana upande wa Aruwimi, kwa jirani zetu Babali, mpaka miaka ya 1930. Aliyecheka na kusema ni hadisi ya watoto alikosea, kwa sababu watu waliuawa kweli. Na aliyesema ni roho ya chui alikosea vilevile. Walikuwa watu, wamevaa kitambaa cha magome ya mti chenye madoa, wameshika makucha ya chuma, ili maiti ionekane imeraruliwa na nyama ya pori. Nyuma yake mara nyingi kulikuwa ugomvi wa utawala. Hofu ya kijiji ilikuwa nguo ya pili ya muuaji, na waliokataa kuuliza walimfichia uso. Lakini serikali ya Wabelgiji nayo ilinyonga watu, na porini chui wa kweli walikuwako. Kwa hiyo kuuliza kwa uangalifu kulimfaa aliyeuawa, kukamfaa pia aliyeshitakiwa bure.

Turudi kwenye michezo. Mwaka 2017 kulivuma habari za « Nyangumi wa buluu », mchezo uliosemwa unawaamuru vijana siku 50 mpaka wajiue. Huko Kenya, halmashauri inayosimamia filamu ilitangaza kuukataza. Lakini hapakuwa na programu ya kukataza. Huko Urusi, habari hiyo ilikoanzia, kijana mmoja alihukumiwa mwaka uleule kwa kuwachochea watoto kwa maneno kwenye intaneti. Wazazi walikuwa wanapekua telefone kutafuta mchezo, kumbe cha kutafutwa kilikuwa huzuni ya mtoto, na mtu anayezungumza naye usiku.

Wazee watatuambia: hofu inalinda. Hadisi ya mtu wa majini inazuia mtoto asizame. Ni kweli, na hatutaki hadisi ile ife. Ila mtoto akikua kidogo na kuuliza kwa moyo, « Baba, ni kweli? », tunamdai jibu la kweli: maji yana nguvu, wenzako walizama pale. Tukimdanganya na yeye akagundua, siku tutakapomwonya juu ya hatari halisi ataona ni hadisi ingine tu.

Basi tunaona mpaka uko hapa. Hadisi inayokaa karibu na moto, isiyomtaja mtu, iachwe itishe na ichekeshe. Hakuna haja ya kuidai ushahidi. Lakini ikishanyoosha kidole na kusema « ni fulani », imeacha kuwa hadisi. Imekuwa mashitaka, na mashitaka yanadai shahidi aliyeona kwa macho yake. Wazee wetu wenyewe, wakiketi kuhukumu kesi ya mbuzi, hawakubali « watu wanasema ». Itakuwaje tuikubali kwa maisha ya mtoto? Sheria ya nchi nayo imesema: Katiba ya 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa malipizi kwa anayefanya hivyo.

Kwa hiyo jioni ingine, mtoto akileta ule mchezo unaoua, tusimpige kelele wala tusimcheke. Tumkalishe, tumuulize: nani alikuambia, yeye aliona wapi, na kuna mtu anayelaumiwa? Kama hakuna anayelaumiwa, tumwombe aisimulie mpaka mwisho. Kama yuko, tusilale kabla ya kujua ukweli.